CHUPA YA PETROLI KASENSE: NANI ANAKULA HELA YAKO?

Vijana wa mjini wakisikia Sumbawanga huwaza kitu kimoja tu: wanga. Jina lenyewe, kwa Kifipa, husemwa kuwa maana yake ni 'tupa uchawi'. Haya, wiki hii uchawi tuutupe kweli. Mimi nilikwenda Kasense, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, nikakuta mazingaombwe ya aina nyingine: petroli inayopanda bei kwa kusafiri tu!

Usicheke. Lita ile ile iliyoshushwa melini Dar es Salaam, ikifika kwenye meza ya mbao ikiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bei yake si ile tena. Muulize dogo anayeuza kwa nini, atakujibu neno moja: "Mbali." Abiria wa bodaboda naye analalamika kwamba kapigwa. Kijiweni kila mtu ana mwizi wake. Wengine wanasema ni Waarabu wenye visima, wengine serikali, wengine mwenye sheli. Nikaona bora niifuate hiyo lita hatua kwa hatua.

MELINI MPAKA TUNDUMA

Tanzania haichimbi mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi tulikuwa nacho, TIPER ya Kigamboni, kilichoanza miaka ya 1960, lakini usafishaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi pale ni ghala. Mafuta yote huja kwa meli yakiwa tayari kutumika, yakipitia Dar, Tanga na Mtwara. Tangu mfumo wa kuagiza kwa pamoja uanze miaka ya 2011 na 2012, kampuni haziagizi tena kila moja na kijimeli chake.

Sasa meli ikifika ikakuta foleni, inasubiri. Na meli haisubiri bure, bwana! Kila siku ya kukaa inalipiwa, na gharama hiyo huingizwa kwenye bei ya lita. Ndiyo maana mwaka 2024 ulianza ujenzi wa matangi makubwa 15 Kigamboni, ili meli zishushe haraka ziondoke. Kwa hiyo mtu wa Kasense, ambaye pengine bahari hajaiona, analipia foleni ya meli.

Lita yetu ikitoka bandarini inapanda lori. Morogoro, Kitonga, Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma kwenye msururu wa malori ya Zambia. Hapo dereva anakata kulia kuelekea Laela na Sumbawanga. Jumla ni zaidi ya kilometa 1,100. Na kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: lori la mizigo likishusha saruji Sumbawanga linaweza kurudi na mahindi, lakini lori la mafuta halibebi mahindi. Linarudi tupu. Safari ya kurudi nani anailipia? Wewe uliyekaa nyuma ya bodaboda!

BOMBA LINALOPITA

Kuna njia ya bei rahisi zaidi ya kusafirisha mafuta: bomba. Na bomba tunalo. Linaitwa TAZAMA, lina kilometa 1,710, linatoka Kigamboni mpaka Ndola, Zambia. Lilikamilika mwaka 1968, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia kukosa njia ya kupitisha mafuta. Kabla ya hapo mapipa yalikuwa yanabebwa kwa malori kwenye barabara ya vumbi na matope, na madereva wengi walipoteza maisha.

Bomba hilo linakatiza Mbeya na Songwe, majirani kabisa wa Rukwa, halafu linavuka mpaka. Silalamiki, lilijengwa kumwokoa jirani, na jirani mwenyewe amelipa: kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia kupitia Mbala, baada ya mji kuteseka na majenereta ya dizeli. Ila hesabu ndiyo hiyo. Mafuta ya Ndola yamepita chini ya ardhi yetu, ya Kasense yanakuja kwa matairi.

BEI INAISHIA SHELI

Kila mwezi EWURA inatangaza bei kikomo, na kila mji una bei yake. Ya Sumbawanga iko juu ya ile ya Dar kwa sababu ya umbali. Huo si wizi, hesabu zake zinajulikana. Mwenye sheli akizidisha anapigwa faini.

Lakini bei kikomo inaishia kwenye pampu. Kutoka hapo mafuta yanaingia kwenye dumu, dumu linafungwa nyuma ya pikipiki, na mezani yanagawanywa kwenye chupa. Chupa haina EWURA. Haina kipimo, haina risiti, na usafi wake Mungu ndiye ajuaye. Tena sheria inakataza biashara hiyo.

Unakumbuka uchakachuaji? Watu walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu ya kodi ndogo. Bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kutoka shilingi 52 mpaka shilingi 400.30 kwa lita. Wachakachuaji wakabanwa, sawa, lakini bibi mwenye kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, naye akalipa dhambi ya mwenye lori.

Na hatari? Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukaua zaidi ya 100. Sasa fikiria dumu lililolala chini ya kitanda, chumba kimoja na watoto na jiko la mkaa.

UMBALI UNALIPWA MARA MBILI

Rukwa ni ghala la mahindi la taifa. Petroli inapoingia, mkulima analipa nauli yake. Mahindi yanapotoka, mnunuzi anakata nauli kwenye bei ya gunia. Mtu yule yule, umbali ule ule, analipa akinunua na analipa akiuza. Katikati hapo kuna mashine ya kusaga inayokunywa dizeli, na kuna mama mjamzito usiku wa manane anayeulizwa hela ya mafuta kwanza.

Barabara imesaidia. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyoanza na msaada wa Marekani uliosainiwa mwaka 2008, imeondoa mambo ya lori kulala matopeni masika. Iliyobaki ni ile safari fupi ya mwisho, ya dumu. REA ina mikopo ya kujenga sheli ndogo vijijini, na masharti ya ujenzi wake yamelegezwa. Vijana wanaouza chupa ndio wanaoijua biashara hii kuliko mtu yeyote. Kumkimbiza dogo na virungu hakushushi bei hata senti. Wapeni vikundi vyao hiyo mikopo, wawe na pampu, kipimo na ndoo za mchanga.

Kwa hiyo ukiniuliza anayekula hela yako, mkubwa wao ni umbali, na huyo huwezi kumpeleka polisi. Unampunguza kwa bomba, kwa lami, kwa tangi na kwa pampu iliyo karibu na nyumbani.

Tuonane wiki ijayo, na dumu toa chini ya kitanda!