Kabla Vumbi la Rongo Halijafika kwenye Skrini

Nilipomtembelea dadangu Rongo, mpwa wangu alinipokea kwa swali hata sijavua viatu: "Mjomba, niweke protekta au nisiweke?" Mkononi alikuwa na Nintendo Switch, ile ya kwanza ya mwaka 2017, aliyotumiwa na babake kutoka Doha. Rafiki zake wamemwambia protekta ni kutupa pesa, eti skrini haitasikia kidole.

Nikamwambia aweke, tena siku hiyo hiyo. Uso wa mashine hiyo ni plastiki, si kioo kama wa simu. Na Rongo, matrela ya miwa yakipita kuelekea Awendo wakati wa kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, kwatzi ni 7, kioo cha kawaida kama 5.5, plastiki iko chini zaidi. Ukipangusa skrini kavu kwa shati, wallahi unaipiga msasa. Mimi niliwahi kupangusa saa yangu kwa pindo la kikoi. Hadi leo naisoma kwa kukisia.

Protekta ya kioo hukwaruzwa badala ya skrini, ikichoka unaibandua. Kidole husikika vizuri, maana skrini hutambua umeme wa mwili na kioo chembamba hakiuzuii. Chagua nyembamba, isikwame mashine ikiingizwa kwenye kituo chake cha televisheni. Skrini mpya ni shida nyingine: fundi tuliyemuuliza stendi hakuwa nayo.

Mwenye Switch ya OLED ya mwaka 2021 ana kioo, na juu yake utando wa kuzuia vipande kuruka kikipasuka. Unafanana na karatasi ya dukani. Usiubandue, bandika protekta juu yake. Steam Deck yenye kioo kilichofifishwa kisimeremete ningeiacha wazi, kwani protekta ya kung'aa inarudisha mwako wa jua.

Tuliibandika bafuni, baada ya kumwaga maji moto ili mvuke ushushe vumbi. Pembeni kilibaki kipovu kimoja. Alitaka kuibandua aanze upya, nikamzuia.