Je, Wajua? Kinga ya Sinki ni Maji

Je, wajua kwamba kinachozuia hewa ya maji taka isiingie jikoni ni maji kidogo tu? Hukaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki. Maji yakishuka kwa kasi huvuta hewa. Pasipo tundu la hewa, hufyonza hata yale ya kinga, na sinki hukoroma. Si harufu tu: Hong Kong, mwaka 2003, kona zilizokauka za mabomba ya sakafuni zilichangia kueneza ugonjwa wa SARS katika majengo ya makazi ya Amoy Gardens. Waliugua watu zaidi ya 300.

Ndiyo maana vali ndogo ya kuingiza hewa kwenye bomba, iliyobuniwa Sweden miaka ya 1970, haifai kupuuzwa. Hufunguka maji yakivuta, kisha mpira wake hujifunga kwa uzito. Sinki ikikoroma, wapo wanaomwaga dawa ya kuzibua. Dawa haigusi mpira uliochakaa. Wengine huiziba vali kabisa. Kinga hufyonzwa tena. Ibadilishe. Vali nyingi hufunguliwa kwa mkono. Viringisha utepe mweupe kwenye hesi, kaza mpya ikiwa wima, angalau sentimita 10 juu ya bomba la mlalo. Lakini bomba la hewa la paani libaki wazi: vali huingiza hewa, haiitoi.