Siku Bundi Asipoonekana

Yuko mgeni ambaye huamka alfajiri mjini Malindi, akaingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kuzunguka hadi jua la utosi, kisha akarejea akinung'unika kuwa fedha zake zimepotea bure. Bundi mdogo wa Sokoke hakuonekana. Lawama humwangukia kijana aliyemwongoza, na pengine hata bahashishi hunyimwa.

Lawama hizo si za haki. Bundi huyo kimo chake hakifiki shubiri moja, na mchana kutwa hujibanza vichakani kwenye udongo mwekundu, asiweze kutofautishwa na majani makavu. Mbali na pwani hii, makao yake yajulikanayo ni nyanda za chini za Usambara Mashariki, nchini Tanzania.

Tena, kutoonekana si kutokuwapo. Mnana wa Kilifi, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1913, haishi kwingineko duniani. Huonekana Sokoke kwa majira, kisha hutoweka. Kwa takriban miaka 100 wataalamu hawakujua anakotaga, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipopatikana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki.

Hata hivyo, iko siku tupu ya namna nyingine, nayo ndiyo ya kuogopwa. Sokoke, yenye kilomita mraba zipatazo 420, ni hifadhi kisheria, lakini muhuhu ungali hukatwa humo kwa siri ili kuchongwa vinyago. Dakatcha haina hata kinga hiyo. Miti yake huchomwa makaa na ardhi yake kufyekwa kupandwa mananasi. Mchoma makaa naye ana watoto wa kulisha. Kijana wa msituni akilipwa siku za bahati pekee, tutashangaa vipi akishika shoka?

Kwa hivyo, mgeni na amlipe kiongozi wake ujira kamili, ndege aonekane asionekane, wala asimshurutishe kukanyaga vichaka au kupiga kanda za sauti mfululizo ili kumtoa ndege mafichoni. Nao wenye mamlaka, pamoja na wazee wa Dakatcha, hawana budi kukubaliana juu ya ulinzi wa vinamasi vile kabla ya miti inayovizunguka kwisha. Bundi aliyejificha leo aweza kuonekana kesho. Aliyekatiwa kichaka chake hatarudi.