Kumpata Mfasiri wa Kujitegemea kati ya Kijapani, Kiingereza na Kifaransa

Daraja la Matadi, lenye urefu wa mita 722, lilijengwa kwa mkopo na ufundi wa Japani, likafunguliwa mwaka 1983. Mtafiti wa Kongo atakaye kusoma kwa Kifaransa yaliyoandikwa kwa Kijapani juu ya kazi kama hiyo hana budi kumtafuta mfasiri. Wengi hukosea hapo hapo mwanzoni, kwa kumtaka mtu mmoja wa kuzifasiri lugha zote tatu, kila upande.

Pendekezo la UNESCO lililopitishwa Nairobi mwaka 1976 lashauri kwamba mfasiri, kadiri iwezekanavyo, afasiri kuelekea lugha yake ya mama, na kwamba tafsiri itokane na matini asilia. Basi wa kutafutwa kwanza ni Mfaransa wa lugha ajuaye Kijapani. Chama cha SFT cha Ufaransa, cha tangu 1947, kina orodha ya wafasiri. Wa Kijapani na Kiingereza hupatikana kwa wepesi zaidi, hasa katika orodha ya chama cha JAT, kilichoanzishwa Japani mwaka 1985. Njia ya kupitia Kiingereza huvutia, lakini kosa la mfasiri wa kwanza hurithiwa na wa pili pasipo yeye kujua.

Makosa hayo yana chanzo katika lugha yenyewe. Kitenzi cha Kijapani hakibebi kiambishi cha nafsi: «mimashita» ni niliona, uliona, aliona au waliona, na muktadha ndio uamuao. «Kikai» ni mashine moja au nyingi, hali Kifaransa, sawa na Kiswahili chenye ngeli zake, hudai jibu. Hesabu ni hatari zaidi (na katika mkataba ndizo zisomwazo kwanza!). Kijapani huhesabu kwa «man», yaani 10,000, na kwa «oku», yaani 100,000,000. Kwa hiyo «oku» 30 ni miliari 3, wala si milioni 30.

Cheti cha mtihani wa JLPT, hata cha ngazi ya juu kabisa, hushuhudia kusoma na kusikiliza tu, kufasiri hakupimwi. Afadhali kumpa mfasiri ukurasa mmoja wa majaribio, kwa malipo, wenye tarakimu na sentensi zisizotaja mtenda. Anayerudi na maswali aaminiwe kuliko anayerudisha kazi kimya. Ujira nao uafikianwe mapema: Kijapani hakitengi maneno kwa nafasi, hivyo matini yake huhesabiwa kwa herufi, na ya Kifaransa kwa maneno.