SAA YA KOMPYUTA YA OFISINI NA ZAMU ZA WANACHAMA

Wanachama wengi wametuuliza khabari ya zamu za gari la kupeleka magunia kituoni, na wengine wamesema, mbele yetu na nyuma yetu, kuwa ofisi inapendelea watu. Tumeona ni wajibu wetu kueleza jambo lilivyokuwa, khasa kwa kuwa kosa ni letu.

Kama mjuavyo, karafuu zikishapimwa ghalani, kompyuta huchapa cheti chenye tarehe na saa, na zamu hufuata tarehe hiyo. Usiku mmoja wa msimu huu umeme ulikatika. Asubuhi tuliwasha kompyuta tukaanza kazi, wala hatukuitazama saa yake. Kumbe imerudi nyuma miaka kadha. Waliopima siku ile vyeti vyao vikaonekana vya zamani kuliko vyote, wakapandishwa mbele. Na waliotangulia kwa siku mbili wakabaki na magunia yao ghalani.

Tuliirekebisha saa kwa mkono. Kesho yake ikakosea tena. Ndipo tulipojifunza kuwa la kwanza ni kuuliza: saa hupotea mashine ikiwa imewashwa, au ikiwa imezimwa?

Ikipotea mashine ikiwa imezimwa, ugonjwa mara nyingi uko kwenye betri. Ndani ya kompyuta mna jiwe dogo bapa, mfano wa kifungo cha koti, ambalo aghalabu huandikwa CR2032. Ni la volti 3, na kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Hudumu miaka kadha, kisha hufa. Kulibadilisha si kazi kubwa: zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, toa la zamani, tia jipya kwa upande ule ule, kisha weka tarehe.

Ikiwa saa iko nyuma kwa saa 3 kamili, usinunue betri. Mashine inafuata saa za Greenwich, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Chagua majira ya kwetu. Wala mtu asichanganye na hesabu yetu ya Kiswahili: saa 3 asubuhi mashine huandika 9, na hilo si kosa.

Ikiwa inachelewa kidogo kidogo, hiyo ni tabia ya kipande cha madini kilichomo ndani, kinachotetema mara 32,768 kila sekunde. Kikikosea sehemu 20 tu katika milioni, saa hupotea karibu dakika moja kwa mwezi. Dawa yake ni kuiacha mashine ichukue saa sahihi katika intaneti. Lakini iliyokosea kwa miaka huenda ikakataa kujirekebisha, mpaka mtu atangulie kuweka tarehe kwa mkono.

Yetu ilikuwa betri, na imekwisha badilishwa. Hata hivyo hatutaitegemea mashine peke yake. Tangu sasa karani ataandika tarehe kwa wino katika daftari la mizani kabla ya kuchapa cheti, na viwili hivyo vikitofautiana, daftari ndilo litakalofuatwa. Mwenye cheti chenye mwaka usio wa sasa akilete ofisini apewe kingine.

Waliocheleweshwa wamewekwa mbele katika safari ijayo ya gari. Tunawaomba radhi.