Lugha ya Hesabu na Wanachuo Wasiotayarishwa Vema: Mifano ya Tabora na Njia ya Misafara

Kila mwaka vyuo vyetu hupokea wanachuo ambao vyeti vyao vyawaruhusu kuingia, lakini ambao kusoma, kuandika na kuhesabu kwao hakulingani na kazi inayowangoja. Hao hupewa masomo ya nyongeza, na mara nyingi masomo hayo hukatwa mafungu: hesabu mahali pake, kusoma na kuandika mahali pengine. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba makosa mengi yaitwayo ya hesabu ni makosa ya kusoma sentensi, na kwa hiyo yafaa mafungu hayo yaunganishwe.

Mifano yangu ni ya Tabora, kwa sababu mbili. Kwanza, huo ni mji wa shule tangu zamani: Shule ya Wavulana ilianzishwa mwaka 1922, na leo kuna Chuo cha Ualimu, Chuo cha Utumishi wa Umma na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Pili, hapo Kiswahili kilifanya kazi ya hesabu muda mrefu kabla ya kufundishwa darasani. Burton na Speke walipofika Unyanyembe mwaka 1857 waliikuta njia panda ya misafara: njia ya Bagamoyo hugawanyika hapo, tawi moja kwenda Ujiji, jingine kwenda kaskazini hata Karagwe. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Nguo ilipimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, na doti ni shuka mbili. Wapagazi wa Kinyamwezi walidai posho na ujira wao kwa vipimo hivyo, wala hawakuhitaji kalamu.

Sasa natutwae kipimo kimoja tukipeleke darasani. Mwanachuo aambiwa: "Doti moja ni shuka mbili. Ikiwa herufi d ni idadi ya doti, na s ni idadi ya shuka, andika mlinganyo." Wengi huandika d = 2s. Jibu hilo lafuata maneno hatua kwa hatua, nalo ni kosa. Jaribu kwa doti tano: shuka zake ni kumi, basi s = 2d.

Kosa latoka wapi? Latoka katika neno "ni". Katika sentensi ya sokoni "ni" yasawazisha vitu: nguo iliyo doti moja ndiyo nguo iliyo shuka mbili. Katika mlinganyo alama ya usawa yasawazisha idadi. Kipimo kikubwa huwa na idadi ndogo, na kipimo kidogo huwa na idadi kubwa. Basi anayeiona d kuwa ufupisho wa neno doti hawezi kuepuka kugeuza. Hakukosa akili ya kuhesabu, kwa maana mwulize shuka za doti tano naye atakujibu upesi. Alilokosa ni kujua herufi yasimama mahali pa nini.

Wala jambo hili si la Tabora tu. Mwaka 1981 Clement, Lochhead na Monk walitangaza huko Marekani ya kwamba wanachuo wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, walipoambiwa waandike mlinganyo wa wanafunzi walio mara sita ya walimu, zaidi ya theluthi walikosea, na wengi wao waligeuza vivyo hivyo. Hao walikuwa wakisoma kwa lugha waliyoizoea.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Tazama shina la "zidi". "A yaizidi B kwa 3" maana yake A = B + 3. "Zidisha B kwa 3" maana yake ni 3B. Shina ni moja, na "kwa" ni ile ile. Kiambishi cha kusababisha ndicho kilichopewa kazi nyingine katika hesabu. Tena tazama mpango wa maneno: "Toa 5 katika x" yaanza na 5, lakini huandikwa x - 5. Mambo haya ni ya sarufi, na mwalimu wa lugha ndiye awezaye kuyaeleza.

Mwanachuo wa Tanzania ana vivuko viwili: kutoka maneno hata alama, na kutoka Kiswahili cha shule ya msingi hata Kiingereza cha sekondari na chuo. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha ya kwamba chini ya asilimia 20 ya wanachuo waliopimwa waliweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha anzisha mwaka 1978 kitengo cha stadi za mawasiliano ili kuwasaidia. Kazi hiyo ni njema, lakini huangalia kivuko cha pili. Cha kwanza huachiwa mwalimu wa hesabu, ambaye hukidhani kuwa uvivu au uzito wa akili.

Yafaa basi somo la nyongeza lifuate utaratibu huu. Mwanachuo asome sentensi kwa sauti. Aieleze kwa Kiswahili kwa maneno yake. Aandike kwa sentensi kamili kila herufi ni idadi ya nini. Ajaribu kwa tarakimu ndogo. Ndipo aandike mlinganyo, na mwisho arudie sentensi ile kwa Kiingereza. Hapo amesoma, ameandika na amehesabu katika kipindi kimoja.

Wako watakaosema ya kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na Kiswahili kitamchelewesha. Lakini kinachochelewesha ni kumweka mtu pembeni arudie asichokielewa. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuzuia vyuo vyake vya jamii kuwarundika wanachuo katika masomo ya nyongeza pasipo ushahidi kwamba wayahitaji. Wengi sasa huingia somo lenyewe na kupewa msaada kandokando. Nasi twaweza kufanya vivyo kwa gharama ndogo: mwalimu wa hesabu na mwalimu wa lugha wakae pamoja na madaftari ya wanachuo, wayapange makosa kwa sababu zake. Pasipo kazi hiyo tutaendelea kuwahesabu kuwa wajinga watu ambao kosa lao ni kusoma "ni" kama isomwavyo sokoni.