Umebadili saizi ya tairi? Huenda mita inakudanganya

Jirani yangu alikuwa akipeleka familia mashambani Desemba iliyopita aliposimamishwa na askari wa trafiki.

"Mzee, ulikuwa ukienda 105 na kibao kinasema 100," akaambiwa.

"Afande, mimi sijapita 100. Muulize mama watoto, hata yeye alikuwa akiitazama mita!"

Usishangae, msomaji. Wote wawili walisema kweli.

Wiki mbili awali, jirani alikuwa amevalisha gari lake tairi kubwa ili lisikwaruzwe tumbo na mawe ya njia ya kwao. Aliyemuuzia hakumwambia lolote kuhusu mita.

Mita ya mwendo haioni barabara. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya giaboksi au magurudumu, kisha kukadiria mwendo kulingana na tairi ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Ukiweka kubwa zaidi, kila mzunguko hukufikisha mbali zaidi, lakini mita haina habari.

Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu. Kwenye tairi ya 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jumlisha rimu, milimita 381, na mbavu mbili, 253.5. Kipenyo chote ni milimita 634.5. Fanya vivyo hivyo kwa 205/70R15 na utapata 668.

Tofauti ni zaidi ya asilimia 5. Ikiwa mita ilikuwa sahihi awali, sasa ikionyesha 80 unakwenda 84. Na gari limeinuka kwa milimita 17 tu, kama upana wa kidole!

Labda utasema kilomita nne au tano si kitu. Lakini mwendo ukizidi kwa asilimia 5, umbali ambao gari huhitaji kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Mwulize mzazi ambaye mtoto wake huvuka barabara kwenda shuleni kama hilo ni jambo dogo. Kilomita za safari pia huhesabiwa pungufu: mita ikisema 5,000, umekwisha kwenda zaidi ya 5,260, na sevisi imechelewa.

Utajuaje? Tafuta barabara tulivu yenye nguzo za kilomita, ushikilie 60 kwenye mita, na abiria apime muda kwa saa. Kilomita moja ichukue sekunde 60. Ikichukua 57, mita iko nyuma. Simu inayopima mwendo kwa setilaiti pia husaidia, mradi aishike abiria, si dereva.

Kwa gari la zamani lenye kebo, fundi huweka kwenye giaboksi gia ndogo ya kebo yenye meno machache zaidi. Kwa magari ya kisasa, fundi wa umeme huingiza saizi mpya kwa kompyuta, ikiwa gari linakubali, au hufunga kifaa cha kurekebisha hesabu.

Njia rahisi kuliko zote? Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kilicho kwenye nguzo, na ununue saizi iliyoandikwa hapo. Jirani yangu alirudia saizi hiyo. Mawe ya kwao sasa anayapita polepole.